Fundisho: Mutu wa safari ndefu anaishi namna gani kila siku?



Vakansi kubwa iko karibu. Wengi kati yetu tutarudi kwetu kwa miguu, kwa sababu lori haifiki kila fasi, tena pesa ya lori haiko. Kwa hiyo sisi makapita tuliona vema kuandika fundisho juu ya safari ndefu. Tutaangalia kwanza mutu mumoja aliyezunguka dunia kwa miguu, kisha tutarudi kwa safari zetu wenyewe. Someni pole pole, kwa maana mwisho kuna maulizo.

1. Mutu huyu ni nani?

Jina lake ni Jean Béliveau, wa mji wa Montréal, katika inchi ya Kanada. Alikuwa na biashara ya vibao vya matangazo vyenyi taa. Biashara ile ikaanguka, na moyo wake ukaanguka pamoja nayo. Akaanza mazoezi ya kukimbia, na mawazo ya kuondoka yakamuingia. Mke wake, Luce Archambault, alipata habari muda mufupi tu mbele ya safari. Hakumukataza. Tarehe 18 Agosti 2000, siku ile alipotimiza miaka 45, Béliveau akafunga mulango na kwenda.

Mwendo wake aliutoa kwa ajili ya amani na watoto wa dunia. Alipita Amerika zote mbili, Afrika, Ulaya, Azia, Australia na New Zealand. Bahari alizivuka kwa ndege, lakini inchi kavu aliikanyaga kwa miguu yake. Akarudi Montréal tarehe 16 Oktoba 2011. Alikuwa amepita inchi 64 na kutembea zaidi ya kilometre 75.000.

2. Tufanye hesabu

Kamateni kalamu. Toka 18 Agosti 2000 mupaka 16 Oktoba 2011 ni siku 4.076 hivi. Gawanyeni 75.000 kwa 4.076. Mutapata kilometre 18 na kidogo kwa siku moja, tukihesabu ndani yake siku za kupumzika na za ugonjwa.

Kilometre 18! Wengine watasema: ni hiyo tu? Ndiyo, ni hiyo tu. Mama anayebeba mihogo mupaka soko na kurudi jioni anaweza kuifanya. Kazi ngumu ni kuifanya tena kesho, na kesho kutwa, wakati miguu inauma na hakuna mutu anayekutazama. Wazee walisema pole pole ndiyo mwendo, na hesabu hii inawashuhudia.

3. Mizigo na viatu

Béliveau alisukuma kigari kidogo cha magurudumu matatu, kama vile vya kusukumia watoto wadogo. Ndani yake alitia hema ndogo, mufuko wa kulalia, nguo, chakula na dawa za kwanza. Nyumba yake ya miaka kumi na moja ilikuwa ni hiyo. Viatu alimaliza jozi 54. Gawanyeni tena: kila jozi ilimupeleka kilometre 1.390 hivi.

Sasa tujiangalie. Wakati wa vakansi tunaona watoto wa darasa la kwanza na masanduku ya mbao ku kichwa, ndani madaftari ya mwaka muzima, godoro na sahani tatu. Ku kilometre ya kumi wanalia. Mutu wa safari anajiuliza asubuhi juu ya kila kitu: Leo nitakitumia? Kama jibu ni hapana, kitu hicho kingojee lori. Jioni aoshe miguu, aikaushe vizuri kati ya vidole. Kama lengelenge limetokea, asipasue ngozi yake. Alioshe na sabuni, alifunike na kitambaa safi.

4. Maji na chakula

Anayesafiri miaka kumi na moja hachagui chakula, anakula cha wenyeji. Katika Afrika Béliveau alikula wadudu, katika China nyoka, katika Korea nyama ya mbwa. Habari ya wadudu haitushangazi sisi tuliokulia viwavi na kumbikumbi. Lakini mbwa je? Kila mutu ajijibu, kisha akumbuke kama mugeni naye anaangalia sahani yetu na kujiuliza vilevile.

Juu ya maji hakuna mchezo. Maji ya muto, hata yakiwa meupe kama kioo, yachemke kwanza. Yakianza kutoa mapovu makubwa, muyaache dakika 1. Fasi za milima mirefu sana, kupita metre 2.000, dakika 3. Mutu akiharisha njiani, anapoteza maji na chumvi, na hiyo inaweza kumuua. Kamateni litre 1 ya maji yaliyochemka, mutie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mugonjwa anywe kidogo kidogo, na mumupeleke ku dispensaire bila kukawia.

5. Atalala wapi?

Hapa ndipo fundisho lenyewe linapoanza. Kila mutu wa safari anaijua ile saa: jua linashuka, moshi unatoka ku majiko ya watu, watoto wanaitwa kuingia, na yeye hana fasi. Béliveau aliipata saa ile zaidi ya mara elfu ine. Alilala ku hema, chini ya madaraja, katika nyumba za kupokea maskini, hata katika gereza. Lakini angalieni hesabu hii ingine: jamaa 1.600 zilimupokea nyumbani mwao. Hata kama alilala usiku mumoja tu kwa kila jamaa, ni karibu usiku ine juu ya kila usiku kumi. Usiku ule hakuutia ndani ya kigari. Alipewa.

Hatusemi kama kila fasi ilikuwa vizuri. Katika Afrika ya Kusini vijana wawili waliolewa walimushambulia. Katika Ethiopia alifungwa usiku mumoja bila kujua sababu, na katika inchi ile ile moyo ulimuisha, akataka kuacha. Luce akamutia nguvu, naye akaendelea. Katika Algeria aliugua, na waganga wa kule wakamutunza. Lakini tukiweka mabaya yale pembeni ya milango 1.600, tunaona wazi ni nini kilichomufikisha. Miguu yake ilifanya kazi ya muchana. Kazi ya usiku ilifanywa na watu wengine.

6. Jambo lililotupata sisi

Tungeweza kumaliza hapa na kusifu watu wema wa dunia. Lakini fundisho lisilotugusa ni maneno tu.

Vakansi ya Pasaka ya mwaka jana, sisi wane wa darasa hili la sita tulirudi kwetu kwa miguu, siku tatu. Usiku wa pili mvua ilitukamata. Tukabisha kwa mama mumoja muzee. Hakuuliza maneno mengi. Aliona uniforme, akasema: “Ni batoto ba masomo, muingie.” Akatupa ugali na sombe, kisha akatoa wajukuu wake ku mukeka na kuwapeleka jikoni ili sisi tulale pakavu.

Maji ya mutungi wake tulioshea miguu, yote. Chemchemi iko chini kabisa ya kilima. Asubuhi tulitoka mbele ya jua, kwa sababu tulitaka kupita wengine njiani. Hatukuchota maji. Hatukukata kuni. Hatukumuamsha tuseme aksanti. Tulikuwa wane, tena wenyi nguvu, na katika njia tulicheka.

Tulisahau mama yule. Yeye hakusahau. Pasaka ya mwaka huu, wadogo watano wa masomo yetu walipita ku mugini ule ule, jioni. Wakabisha, wakajibiwa: “Ni bale ba buluu na nyeupe? Apana. Bale banakula na kutoroka.” Nyumba ya pili wakajibiwa vile vile, kwa sababu habari ilikuwa imeenea. Wakalala sokoni, chini ya meza za kuuzia, na mvua ikawapiga mupaka asubuhi. Mumoja wao alirudi hapa na homa kali, akakosa masomo wiki tatu. Leo amepona, tunamuona kila siku ku mustari wa mbele. Yeye hajui kama mulango ule ulifungwa na sisi. Akisoma ukurasa huu, atajua.

Mbele ya kuandika, tulikwenda kumuambia Bwana Prefe. Alinyamaza kwa muda murefu, akatuuliza swali moja tu: “Na mama yule, mumemuambia?” Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Tukisha kufanya mutihani wa Serikali, sisi wane tutatoka mbele ya wengine wote. Tutapita ku mugini ule na bidon ine. Tutashuka ku chemchemi mbele ya kubisha. Tutakata kuni, tutaomba musamaha, na kama hataki kutupokea, tutaacha maji ku mulango na kulala sokoni. Hatujui kama atakubali. Lakini wadogo watapita nyuma yetu, na wengine watapita mwaka kesho, wakati sisi hatuko tena hapa. Mutu akiharibu mulango wa mugeni, anaharibia watu ambao hawajaanza safari bado.

Ninyi wengine mukamate kanuni hizi tatu, ni fupi. Ukifika, sema jina lako na kwenu. Maji uliyoyatumia, uyarudishe mbele ya kulala au mbele ya kuondoka. Usitoke kabla mwenyi nyumba hajakuona uso.

7. Maulizo

a) Kama Béliveau angelala kwa jamaa 1.600 namna sisi tulivyolala kwa mama yule, angefika inchi ngapi?

b) Pima muzigo wako wa vakansi. Ni kitu gani kingeweza kungojea lori?

c) Wazee wanasema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Kwa sababu gani sisi tulifikiri kama siku mbili zile ni za bure?

d) Wewe unayekaa kwenu, karibu na njia: nani alibisha ku mulango wenu mwaka huu, na mulimujibu nini?

Majibu ya (a), (b) na (c) muandike ku daftari. Jibu la (d) mulipeleke nyumbani.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita, kwa jina la wale wane