Kasoro Zilizofichwa na Kasoro Zilizofichika: Sarufi ya Kuuza Mashua Iliyotumika

Utangulizi

Makala haya ni somo dogo la sarufi. Yanahusu kauli mbili za kitenzi cha Kiswahili: kauli ya kutendwa, yenye kiambishi -w-, na kauli ya kutendeka, yenye kiambishi -k-. Darasani tunazifundisha kwa mifano ya kikombe kilichovunjika na mlango uliofungwa. Mwanafunzi anajaza jedwali, anapata alama zake, anasahau. Mimi nimechagua mfano wa mashua iliyotumika ambayo mwenyewe anataka kuiuza. Kikombe kikivunjika, hakuna anayezama.

Naandika nikiwa mtu wa Kamanyola. Mji wetu hauna ufuko wa ziwa. Tuna mto Ruzizi, mashamba ya uwanda, na barabara inayopanda Bukavu upande mmoja na kuteremka Uvira upande mwingine. Jina la mji ndilo lililowahi kuelea: Mobutu aliiita Kamanyola meli yake ya kifahari, ikawa inasafiri katika mto Kongo, mbali kabisa na hapa. Lakini wengi wetu tuna jamaa Uvira na katika vijiji vya ufukweni, na kunapokuwa na chombo cha kuuza, kazi ya kuandika humwangukia yule wa ukoo aliyesomea lugha. Mwaka jana iliniangukia mimi. Baba mdogo alitaka kuuza mashua ya familia, akanipa maneno yake kwenye karatasi ya daftari. Kwa ruhusa yake nayatumia hapa kama matini, bila jina wala bei.

1. Matini

(a) Mashua ya familia inauzwa, ya mbao, mita nane, mlingoti mmoja, tanga na mahali pa kufungia mota.
(b) Imetunzika vizuri.
(c) Mbao mbili za ubavuni zilibadilishwa.
(d) Tanga lilichanika, limeshonwa.
(e) Hupakwa rangi kila mwaka.
(f) Haijaliwa na wadudu.
(g) Haijawahi kuleta shida.

Kila sentensi ni sahihi kisarufi, na baba mdogo si mwongo. Hata hivyo, mtu wa kwanza kuulizia mashua hiyo alikuwa baba wa watoto watano, aliyetaka chombo cha kuwapeleka kwa bibi yao upande wa rasi ya Ubwari. Nilijiuliza: mtu huyo akisoma mistari hii saba, anajua nini kuhusu mbao zitakazowabeba watoto wake? Jibu liko katika vitenzi.

2. Mtenda yuko wapi?

Tuanze na kanuni. Kauli ya kutendwa humwondoa mtenda katika nafasi ya kiima, lakini humwachia mlango: anaweza kurudi kwa kiunganishi "na". Tunasema "mlingoti ulivunjwa na vijana". Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo. "Mlingoti ulivunjika" hueleza hali tu. Hatuwezi kuongeza "na vijana" kwa maana ya kwamba wao ndio waliouvunja.

Sasa tusome (d). "Tanga lilichanika": hakuna wa kuulizwa, tanga limechanika kama jani la mgomba. "Limeshonwa": hapa mlango uko wazi, na msomaji ana haki ya kuuliza, limeshonwa na nani, kwa uzi gani? Angalia jinsi sentensi moja inavyogawa majukumu: uharibifu umetokea wenyewe, matengenezo yamefanywa na mtu. Ndivyo wauzaji wengi wanavyosema bila kukusudia. Baya hutokea, zuri hutendwa.

Katika (b) kuna jambo jingine. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alionyesha kwamba kiambishi hiki kina maana mbili: hali ambayo kitu kimo, na uwezekano wa kitu kutendwa. "Barua inasomeka" ni uwezekano. "Kamba imekatika" ni hali. Je, "imetunzika" ni ipi? Mnunuzi anasikia kwamba mashua imetunzwa. Lakini neno lenyewe linaweza kubeba maana nyepesi zaidi: ni chombo kinachokubali kutunzwa, na hali yake leo ni nzuri. Kazi ya miaka, yaani nani aliyetunza na alifanya nini, haimo. Tofauti hiyohiyo iko kati ya "mashua inauzwa" na "mashua inauzika". Ya kwanza ni tangazo. Ya pili ni sifa.

Hata methali yetu maarufu, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", imemficha muuzaji. Kwa kiambishi -ji- kitu kinakuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Ni methali tamu sokoni, lakini hakuna mashua iliyowahi kujiuza. Kuna mtu anayeijua na mtu asiyeijua.

3. Wakati gani?

Kiambishi -li- huweka tendo katika wakati uliopita, na kwa hiyo humwita msikilizaji aulize tarehe. Sentensi (c) ina -li- lakini haina tarehe. Imeanza ahadi bila kuimaliza. Kiambishi -me- hutuambia kwamba matokeo yapo hadi sasa, na huko ndiko kuzuri kwake: "limeshonwa" maana yake mshono bado upo. Hakisemi kama ulishonwa juzi au miaka sita iliyopita.

Kiambishi hu- ni kigumu zaidi. Hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati maalumu. "Hupakwa rangi kila mwaka" ni desturi, na desturi husemwa hata mwaka ambao haikufuatwa. Anayetaka kueleweka ataje mwaka wa mwisho.

Mwisho ni -ja-, katika (g). "Haijawahi" inafunika historia yote ya chombo, tangu mbao zilipopigwa msumari wa kwanza. Baba mdogo aliinunua mkononi mwa mtu mwingine mwaka 2016. Hawezi kushuhudia ya kabla ya hapo. Anachoweza kusema kwa ukweli ni: "tangu nilipoinunua mwaka 2016, sijaona".

4. Maneno ya pwani katika maji matamu

Msamiati wa tanga ulifika ziwani kwetu na watu wa pwani waliofanya biashara Ujiji. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alivuka Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim ampe jahazi lake. Majadiliano hayakufika mwisho mzuri, akarudi Ujiji bila chombo. Kwa hiyo tanga na mazungumzo juu ya chombo cha mtu mwingine si mambo mapya hapa. Neno "mashua" nalo lilisafiri zaidi ya ziwa, hadi likaingia katika Kilingala kama "masuwa".

Mnunuzi anayejua majina ya viungo huuliza maswali bora. Mkuku ni uti wa chini unaobeba chombo chote. Mataruma ni mbavu zinazoshikilia mbao. Omo ni mbele na tezi ni nyuma. Foromali ni mti unaobeba tanga. Kalafati ni pamba inayopigwa kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Ngama ni pale chini ndani ya chombo maji yanapojikusanya.

Lakini neno likihama, ukweli wake hauhami nalo daima. Tazama (f). Pwani, "haijaliwa na wadudu" ni habari kubwa, kwa sababu katika maji ya chumvi kuna viumbe wanaotoboa mbao hadi ziwe kama sega la nyuki. Katika Tanganyika viumbe hao hawapo. Kwa maana hiyo ya pwani, sentensi hiyo ni kweli kwa mashua yoyote ya Uvira, hata iliyokwisha. Adui wetu ni maji ya mvua yanayolala ngamani na kuozesha mataruma kimyakimya. Tena kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani, na mawimbi yake hugonga upande huu wa kaskazini. Hapo ndipo taruma bovu hujulikana. Swali la kwetu ni hili: ngama hukaushwa, na mataruma yaligongwa kwa nyundo kusikiliza sauti yake lini?

5. Neno moja mbele ya sheria

Hapa ndipo sarufi inapogusa mfuko na uhai. Bei tunaipatana kwa Kiswahili, lakini hati ya mauzo mara nyingi tunaiandika kwa Kifaransa. Sheria ya mikataba ya nchi yetu, amri ya tarehe 30 Julai 1888, inamtaka muuzaji atoe dhamana kwa vices cachés, yaani kasoro zisizoonekana ambazo zinakifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Kasoro ya wazi, ambayo mnunuzi angeiona mwenyewe, haimo. Ile isiyoonekana, muuzaji anaibeba hata kama hakuijua, isipokuwa wamepatana kwamba hatoi dhamana. Tofauti inakuja katika malipo: asiyejua hurudisha bei na gharama za mauzo, aliyejua huongeza fidia ya hasara yote.

Wanafunzi wengi hutafsiri "kasoro zilizofichwa". Ni tafsiri ya haraka, na inapotosha pande mbili. Kiambishi -w- kinamleta mfichaji. Mjane anayeuza mashua ya marehemu mumewe, asiyejua kilicho chini ya sakafu yake, anasikia kwamba anashtakiwa kwa hila. Na mnunuzi naye anadhani hana haki mpaka athibitishe kwamba mtu alificha. Neno la Kifaransa halikusema hivyo. Linaeleza hali ya kasoro, bila kutaja mkono wa mtu. Kiswahili kinalazimika kuchagua, na chaguo sahihi ni "kasoro zilizofichika".

Tusiitupe "zilizofichwa", kwa maana ina mahali pake: ni kasoro za yule aliyejua akanyamaza. Kwa kiambishi kimoja, -w- au -k-, Kiswahili kinatenganisha watu wawili ambao sheria nayo inawatenganisha. Hiyo ni hazina, na ni juu yetu tuliosoma lugha kuitumia.

6. Adabu ya kuuliza

Mtu asidhani kwamba kauli ya kutendeka ni ya wadanganyifu. Kwa mnunuzi ni adabu. Kijana hawezi kumwambia mzee, "Hapa uliharibu." Atasema, "Baba, samahani, hapa paliharibika vipi?" Mzee hajashtakiwa, anajibu kwa moyo mweupe. Kisha kijana anahamia -w-: "Na palitengenezwa na nani?" Kisha -li- na tarehe: "Ilikuwa mwaka gani, baba?" Mpangilio huo, hali, halafu mtenda, halafu wakati, unalinda heshima na unaleta habari. Anayeanza na mtenda huondoka na hasira tu.

7. Matini iliyoandikwa upya

Nilimuuliza baba mdogo kwa mpangilio huo, kisha tukaandika pamoja:

"Ninauza mashua ya familia yangu, ya mbao, mita nane. Niliinunua ikiwa imetumika mwaka 2016. Ya kabla ya hapo siyajui. Mbao mbili za ubavu wa kushoto nilizibadilisha mwaka 2021 kwa fundi wa Kalundu, kwa sababu zilikuwa zimeoza. Tanga lilichanika kwa upepo mwaka 2022. Mke wangu alilishona kwa uzi wa nyavu. Kalafati na rangi tulipiga mara ya mwisho mwaka 2023. Taruma la tatu kutoka tezi limeanza kulainika, sijalibadilisha. Njoo na fundi wako."

Hesabu nafsi: "ninauza", "niliinunua", "nilizibadilisha", "alilishona", "tulipiga", "sijalibadilisha". Mtenda amerudi. Kauli ya kutendeka imebaki mahali pake pa haki, penye upepo, kwa kuwa kweli hakuna aliyelichana tanga lile. Na lile taruma la tatu, ambalo halikuwamo katika matini ya kwanza, lilitajwa na mzee mwenyewe alipoulizwa kwa upole. Bei ilipungua kidogo, na taruma likabadilishwa kabla ya watoto kupanda.

8. Mazoezi

(i) Toa kauli ya kutendwa na ya kutendeka ya vitenzi hivi, na utunge sentensi juu ya chombo: pasua, ziba, haribu, kata, funga.
(ii) Vitenzi "oza" na "vuja" havihitaji -k- kuonyesha hali. Eleza kwa nini, kisha vigeuze ili mtenda aonekane.
(iii) Tafuta tangazo lolote la kitu kilichotumika katika mtaa wako, pikipiki, nyumba au mashine ya kusaga. Piga mstari chini ya kila kitenzi kisicho na mtenda, na uandike swali moja la adabu kwa kila mstari.
(iv) Tafsiri kwa Kiswahili kifungu cha dhamana katika hati ya mauzo uliyoipata nyumbani. Mtafute mtu asiyejua Kifaransa, msomee, na umuulize: kwa maneno haya, nani anawajibika?