Uchelewaji au Ucheleweshaji? Istilahi za Kufuatilia Hali ya Seva Nakala

Utangulizi
Mwanafunzi anayesoma matokeo yake ya mtihani kwenye tarakilishi huenda asijue kwamba anachokisoma ni nakala. Hifadhidata kubwa aghalabu huwekwa katika seva kadhaa: moja hupokea mabadiliko, nyingine huyanakili. Makala haya yanachunguza istilahi za kufuatilia hali ya seva hizo, na yanashikilia kwamba istilahi legevu huzaa ufahamu legevu.

Asili na Nakala
Kwa miaka mingi, watumiaji wa programu ya MySQL waliziita seva hizi kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya 'bwana' na 'mtumwa'. Katika toleo la 8.0.22 la mwaka wa 2020, amri ya kuonyesha hali ilipewa jina jipya lenye maana ya 'nakala'. Kwa lugha iliyokulia pwani, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, badiliko hilo ni la kukaribishwa. Isitoshe, mtumwa ni yule atumwaye, ilhali seva ya pili haitumwi. Yenyewe ndiyo huiendea ya kwanza kuomba mabadiliko. Tunapendekeza 'seva asili' na 'seva nakala'.

Kuchelewa na Kucheleweshwa
Katika MySQL, seva nakala ina michakato miwili: mmoja hupokea mabadiliko, wa pili huyatekeleza. Mfuatiliaji huuliza mambo matatu. Je, mchakato wa kupokea unaendelea? Wa kutekeleza je? Nakala imebaki nyuma kwa sekunde ngapi? Jibu la tatu peke yake laweza kupotosha. Mtandao ukiwa mzito, yaliyopokewa yaweza kuwa yametekelezwa yote, sekunde zikasomeka 0, kumbe mengine hayajawasili.

Ni rahisi kukuita kubaki nyuma huko 'ucheleweshaji'. Hata hivyo, kiambishi -sh- cha usababishi hudokeza kwamba yupo anayechelewesha. Nakala iliyozidiwa na kazi inachelewa tu. Huo ni uchelewaji. Ucheleweshaji ni jambo jingine: tangu toleo la 5.6, msimamizi anaweza kuiagiza nakala ibaki nyuma makusudi, tuseme kwa saa 1, ili rekodi zikifutwa kimakosa katika seva asili ziokolewe kabla kosa halijaifikia nakala. Cha kwanza ni maradhi, cha pili ni kinga.

Funzo
Mnamo Januari 31, 2017, seva nakala ya GitLab, iliyotumia programu ya PostgreSQL, ilibaki nyuma hadi unakili ukakatika. Mhandisi aliyejaribu kuirekebisha alifuta data ya seva asili akidhani yumo katika nakala. Data ya takribani saa 6 ilipotea. Kosa hilo halikuwa la lugha, lakini linaonyesha gharama ya kutotofautisha asili na nakala.

Hitimisho
Kwa hivyo, mwanaistilahi asikimbilie kutafsiri. Aketi kwanza na mtaalamu wa fani, ajue kitu kinavyofanya kazi, kisha aupime mnyambuliko wa neno. Silabi moja yaweza kutenga maradhi na kinga.