UFAHAMU NA UFUPISHO: JIBU KILICHOANDIKWA, SI UNACHOKIJUA

Swali la ufahamu linaonekana rahisi kwa sababu majibu yote yamo mbele yako. Hata hivyo, kila mwaka ninaposahihisha majaribio nakuta wanafunzi wazuri wamepoteza alama hapa kuliko hata kwenye sarufi. Si kwamba hawajui kusoma. Wanapokutana na mada wanayoifahamu, huacha kusoma na kuanza kukumbuka.

Ndiyo maana nimechagua habari ya wafugaji wa kuhamahama. Wafugaji unawafahamu: umewasoma katika Jiografia, umewasikia redioni, na huenda wewe mwenyewe umetoka katika boma la wafugaji. Lakini hawa ni wa Mongolia, mbali sana na hapa. Tuone kama utawasoma wao au utawasoma wale ulionao kichwani.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Kisha pitia maswali, halafu usome mara ya pili ukipiga mstari chini ya sentensi zinazohusika.

KIFUNGU CHA HABARI

*Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.*

Mongolia ni nchi isiyo na bahari, iliyopo kati ya Urusi na China. Eneo lake linazidi kilomita za mraba milioni moja na nusu, lakini watu wake hawafiki milioni nne, na karibu nusu yao wanaishi katika mji mkuu, Ulaanbaatar. Nje ya mji huo, familia nyingi bado huhamahama na mifugo ya aina tano: farasi, ng'ombe, ngamia, kondoo na mbuzi. Baadhi ya taasisi za elimu za Marekani zimewahi kupeleka wanafunzi kukaa na familia hizo, ili wajifunze lugha na maisha ya watu kwa kuyaishi badala ya kuyasoma vitabuni tu.

Mwanafunzi mgeni huanza kujifunza kabla hajaingia ndani. Akikaribia makazi, hupaza sauti kuomba mbwa azuiwe. Hiyo ndiyo hodi ya huko. Nyumba ni hema la duara liitwalo ger, lenye kuta za fito zilizofunikwa kwa sufu nzito ya kondoo, na mlango wake huelekea kusini. Mgeni hatakiwi kukanyaga kizingiti, na akipewa chai ya maziwa yenye chumvi huipokea kwa mkono wa kulia. Siku chache baadaye hugundua kwamba mtoto wa darasa la kwanza anamshinda kupanda farasi, kukusanya kinyesi kikavu cha kuwashia moto na kumtambua mbuzi wao aliyechanganyika na wa jirani.

Mgeni aliyetarajia kukuta maisha ya kale hushangaa. Nje ya hema kuna paneli ya umeme wa jua, ndani kuna televisheni, na baba huenda kuswaga mifugo kwa pikipiki. Hadi mwaka 1990 nchi ilitawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti, na mifugo mingi ilikuwa mali ya ushirika. Baada ya mabadiliko ya kisiasa ya mwaka huo, mifugo ilibinafsishwa. Familia zilipata uhuru wa kumiliki mifugo yao, lakini zikapoteza ushirika uliokuwa ukiwaletea majani makavu na daktari wa mifugo wakati wa shida. Wengi waliongeza mbuzi kwa sababu manyoya yake laini, yaitwayo kashmiri, yana soko. Wingi wa mbuzi hao umeharibu malisho katika sehemu nyingi.

Adui mkubwa zaidi ni majira ya baridi kali ambayo Wamongolia huyaita dzud. Theluji au barafu hufunika majani, wanyama hushindwa kula, nao hufa kwa njaa na baridi. Katika majira ya mwaka 2009 hadi 2010 walikufa wanyama zaidi ya milioni 8, na katika yale ya mwaka 2023 hadi 2024 walikufa zaidi ya milioni 7. Familia iliyobaki mikono mitupu hukunja hema lake na kwenda kulisimika kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Ulaanbaatar, ambako moshi wa makaa ya mawe hufunika anga wakati wa baridi.

Shule nayo ni mtihani kwa wazazi. Watoto wengi wa wafugaji hukaa katika mabweni kwenye makao makuu ya wilaya. Kwingine mama huhamia karibu na shule pamoja na watoto wadogo, na baba hubaki na mifugo. Mgeni huja na jibu lake tayari: ama wabaki na mila zao, ama wahamie mjini. Wazazi hawachagui moja. Wanataka mtoto asome, na wanataka mifugo ipate mrithi. Mgeni mwenye busara huacha kutoa majibu, akaanza kuuliza maswali.

MASWALI

1. (a) Kwa mujibu wa habari uliyosoma, kwa nini baadhi ya familia huhamia Ulaanbaatar?
(b) Taja faida moja na hasara moja ya kubinafsishwa kwa mifugo.
(c) Wazazi wafugaji wana msimamo gani kuhusu elimu ya watoto wao?
(d) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari: (i) kizingiti (ii) mikono mitupu.
(e) Andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.

2. Fupisha aya ya tatu na ya nne kwa maneno yasiyozidi hamsini (50).

*Funika sehemu inayofuata. Jibu kwanza kwenye daftari lako.*

MAJIBU NA MAELEZO

1(a) Huhamia mjini kwa sababu mifugo yao imekufa kutokana na dzud, yaani majira ya baridi kali ambapo majani hufunikwa na theluji au barafu.

Nilipowapa wanafunzi wangu swali hili, majibu mengi yalikuwa "ukame", "migogoro kati ya wakulima na wafugaji" na "kukosa huduma za jamii". Hoja hizo zingekupa alama kwenye karatasi nyingine, lakini hapa hazimo. Rudi uitafute: hakuna mkulima hata mmoja katika habari hii. Unapoona maneno "kwa mujibu wa habari", weka kidole kwenye sentensi yenye jibu. Kama kidole hakina pa kukaa, jibu hilo umelitoa kichwani mwako.

1(b) Faida: familia zilipata uhuru wa kumiliki mifugo yao. Hasara: zilipoteza msaada wa ushirika (majani makavu na daktari wa mifugo) wakati wa shida. Umeombwa moja na moja. Ukiandika tatu hupati alama za ziada, unapoteza muda tu.

1(c) Wanataka watoto wao wasome na pia wanataka mifugo ipate mrithi.

Hapa mwanafunzi wangu mmoja, tena mzuri, aliandika: "Wafugaji hawapendi shule." Nilimwita nikamwuliza ni aya ya ngapi inayosema hivyo. Akatafuta muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, haipo, ila ndivyo inavyojulikana." Kumbe alijibu kama yule mgeni wa aya ya mwisho, aliyefika na jibu lake tayari. Mama anayehama na watoto ili wawe karibu na shule, akamwacha mumewe na mifugo, hawezi kuitwa mtu asiyependa shule. Kama wewe ni mtoto wa mfugaji, unalijua hilo bila kuambiwa. Kama si mtoto wa mfugaji, habari imekuambia, mradi uisome.

1(d) (i) *Kizingiti*: sehemu ya chini ya mlango ambayo mtu huivuka anapoingia ndani. Ukiandika "kikwazo" umekosa. Neno hilo lina maana hiyo pia, lakini kikwazo hakikanyagwi mtu anapoingia kwenye hema. (ii) *Mikono mitupu*: bila mali, hapa ni bila mifugo. Maneno "kama yalivyotumika" yanakutaka urudi kwenye sentensi kabla ya kuandika maana.

1(e) *Mabadiliko kwa wafugaji wa Mongolia.* Kichwa "Mongolia" ni kipana mno. Kichwa "Dzud" ni chembamba mno, kwa kuwa kinagusa aya moja tu. Kichwa kizuri hubeba aya zote. Hesabu maneno kabla ya kuendelea.

2. Ufupisho

Kwanza tafuta wazo kuu, kisha utenge mifano. Katika aya ya tatu, paneli na pikipiki ni mifano. Wazo ni mabadiliko ya umiliki na matokeo yake. Katika aya ya nne, miaka na idadi ya wanyama ni ushahidi. Wazo ni kwamba dzud huua mifugo mingi na kuhamisha watu. Mfano wa jibu:

*Baada ya 1990 mifugo ya ushirika ilibinafsishwa. Wafugaji walipata uhuru wa kumiliki mifugo lakini wakakosa msaada nyakati za shida. Mbuzi walioongezwa kwa ajili ya kashmiri wameharibu malisho. Majira ya baridi kali yaitwayo dzud huua mamilioni ya wanyama na kuzilazimu familia kuhamia Ulaanbaatar.* (Maneno 42)

Angalia kwamba hakuna sentensi iliyonakiliwa nzima, hakuna maoni ya mwandishi wa ufupisho, na mtiririko wa habari haukubadilishwa.

KUMBUKA

• Soma mara mbili: mara ya kwanza upate habari, mara ya pili utafute majibu.
• Kila jibu liwe na sentensi ya kulithibitisha ndani ya kifungu.
• Maana ya neno hutegemea sentensi lilimo.
• Katika ufupisho, mifano na takwimu hutangulia kutoka.
• Usizidishe idadi ya maneno uliyopewa.

ZOEZI LA NYUMBANI

Fupisha aya ya pili na ya tano kwa maneno yasiyozidi arobaini (40). Kisha mpe mwenzako ambaye hajasoma kifungu hiki. Akikuuliza, "Kwa hiyo wazazi wanataka nini hasa?", ujue wazo kuu umeliacha nje. Rudia.