Taswira ya Mwanamke wa Kale katika Uchoraji wa Karne ya 19: Phryne wa Gérôme

Makala haya yanachunguza jinsi wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walivyomsawiri mwanamke wa Ugiriki ya kale. Picha inayohakikiwa ni ya Mfaransa Jean-Léon Gérôme, ‘Phryne Mbele ya Areopago’, iliyoonyeshwa Paris mwaka wa 1861.

Phryne aliishi Athens katika karne ya 4 K.K. Alikuwa kahaba mashuhuri aliyetajirika, kisha akashtakiwa kwa kukufuru miungu. Katika picha, Hyperides, mtetezi wake, amemvua vazi ghafla. Phryne amesimama uchi, amefunika uso kwa mikono, huku wazee wenye majoho mekundu wakimkodolea macho.

Aibu hiyo imetoka wapi? Masimulizi ya kale hayana. Athenaeus anaeleza kwamba Hyperides alimfunua kifua, na mahakimu wakaingiwa na hofu ya kidini, wakimwona kuwa mtumishi wa Aphrodite. Isitoshe, Athenaeus huyo huyo anamnukuu Posidippus, mtunzi wa tamthilia aliyeishi karibu zaidi na kesi yenyewe. Kwake hakuna kuvuliwa: Phryne aliwashika mahakimu mikono mmoja mmoja, akilia, akajiponya. Yasemekana pia kwamba Phryne alijitolea kuzijenga upya kuta za Thebes, mji uliobomolewa na Alexander mwaka wa 335 K.K., mradi jina lake liandikwe pamoja na la mbomoaji. Mwenye sharti kama hilo ndiye wa kuficha uso?

Ni dhahiri, basi, kwamba Gérôme aliichora Paris yake kwa vazi la Athens. Aibu ya Phryne humfaa mtazamaji: anauangalia uchi, na papo hapo anajihesabu mwadilifu kwa kuwa anayeangaliwa ameona haya.

Isidhaniwe kuwa zama ziliwafunga wote. Mwingereza Evelyn De Morgan, katika ‘Medea’ (1889), alimchora mwanamke aliyevaa, anayetembea peke yake ukumbini na kichupa cha dawa mkononi. Huyu ana nia, wala hangojei hukumu ya wazee. De Morgan alikuwa amesomea uchoraji katika shule ya Slade, London, kuanzia mwaka wa 1873. École des Beaux-Arts ya Paris, alikofundisha Gérôme, haikuwapokea wanawake kuwa wanafunzi hadi mwaka wa 1897.