Umuravumba na mtoto anayeharisha

Huku Rwanda umuravumba hupandwa karibu na nyumba, na watu wengi huutumia kwa kikohozi, homa na kuharisha. Mwaka 1986 watafiti wa Butare walieleza kuwa majani yake yana kemikali inayozuia vijidudu. Lakini hilo lilipimwa maabarani, si tumboni mwa mtoto, na kikombe cha nyumbani hakina kipimo.

Mtoto anayeharisha huuawa na upungufu wa maji. Kwa hiyo:

1. Mpe ORS, changanya kwa maji safi, kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti.
2. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
3. Akitoa damu, macho yakizama au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Usisubiri majani yachemke.