NANI ANALIPIA MASWALI?

Ndugu wafanyakazi, karani anapobisha hodi na fomu, akauliza tuko wangapi nyumbani na unga tunanunua kwa bei gani, wengi wetu hudhani kazi hiyo ni mpya. Si mpya. Katika nchi hii serikali ilianza zamani kuwalipa wataalamu watuchunguze.

Mwaka 1909 serikali ya Waingereza iliyokaa Khartoum ilimtaka Charles Seligman na mkewe Brenda wazunguke Sudan waandike habari za makabila. Hilo tulipite. Kubwa ni la Wanuer. Mwaka 1928 ndege za serikali ziliangusha mabomu juu ya makundi ya ng'ombe wao, na mwaka 1929 nabii Guek Ngundeng akauawa. Mwaka 1930 akaja Evans-Pritchard na madaftari yake, kwa ombi na kwa fedha za serikali ileile. Watu wakamzungusha. Mtu aliyeulizwa jina la ukoo wake akamrudishia swali: walitakia nini? Nani angemlaumu? Siku moja alfajiri askari waliizingira kambi aliyokuwamo mtafiti, wakasaka manabii na kuchukua mateka. Kitabu chake cha mwaka 1940 kinasomwa dunia nzima, na ndani yake mwenyewe alieleza nani aliyetoa fedha.

Lakini tusiseme kila uchunguzi wa serikali ni hila. Mwaka 1946 iliundwa tume ya kuchunguza mfereji wa Jonglei, ambao ungepitisha maji ya Nile kando ya kinamasi cha Sudd yafike kaskazini na Misri. Tume ilichunguza ng'ombe, malisho, samaki, na majira ya watu kuhama. Ripoti yake ya mwaka 1954 ilieleza wazi kwamba malisho yangeharibika na wafugaji wangeumia. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa wakubwa.

Oktoba 1974 watu wa Juba waliingia barabarani kuupinga mfereji huo, na wengine wakapoteza maisha. Walichokuwa nacho mdomoni ni uvumi kwamba wakulima wa Misri wangeletwa kukaa huku. Ushahidi wenyewe ulikuwa umekwisha kuandikwa miaka 20 nyuma, tena kwa majibu ya wafugaji.

Basi karani akija, tumkaribishe kiti, kisha nasi tumwulize: nani anakulipa, majibu yanapelekwa wapi, na nakala italetwa lini kwenye tawi letu? Katibu wa tawi aandike anavyojibu, pamoja na tarehe.