Durusu Kila Wiki, Usingoje Usiku wa Mtihani

Mwanafunzi mwenzangu, usijiite bongo lala eti kwa sababu umesahau somo la jana. Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Katika kitabu chake cha 1885 alionyesha kwamba baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ilikuwa imemtoka. Baada ya siku moja, karibu thuluthi mbili.

Je, kurudia kusoma kunatosha? Mwaka wa 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma makala ndio walioongoza. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, ilhali waliojipima walikumbuka asilimia 56.

Basi fanya hivi:
1. Jioni ya somo, funga daftari uandike unayokumbuka, kisha usahihishe.
2. Ijumaa, ulizaneni maswali wewe na mwenzako.
3. Wiki ifuatayo, jaribu tena yaliyokushinda.

Haba na haba hujaza kibaba.

Zoezi: Funika ukurasa huu. Ebbinghaus alisahau kiasi gani baada ya siku moja?